Beseni Kwanza, Blenda Baadaye

(Hotuba iliyotolewa kwa wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, ukumbi wa parokia, Moshi mjini)

Mama Mwenyekiti, Mama Katibu, wazee wangu, akina mama wenzangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Na kwa wale wa mlimani, shimboni.

Nimeambiwa baada yangu kuna hesabu za marejesho ya mikopo, kwa hiyo najua wapo humu wanaoniombea nizungumze mpaka jioni. (Kicheko.) Mama Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Mwalimu, watu wetu wamechanganyikiwa. Kuna video inazunguka kwenye WhatsApp, mtu anasema aliacha kuwasha jiko na maradhi yote yakamwacha. Wengine wameshaanza kunywa juisi ya kabichi alfajiri. Njoo utuambie." Nimekuja. Nimefundisha Sayansi Kimu mpaka nikastaafu, na chakula changu cha mchana, siku nyingi, hakipiti jikoni kabisa. Kwa hiyo sikuja kumkataza mtu. Na sina chupa wala unga wa kumuuzia mtu mlangoni.

Nililonalo ni hili: kwa mtu wa Moshi anayeanza, habari ya kula vyakula vibichi inaanzia kwenye beseni la kuoshea. Blenda itasubiri. Na jiko lako usilizime.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Wanaofuata ulaji huu kikamilifu hula matunda, mboga, karanga na mbegu, nafaka zilizolowekwa au kuoteshwa, na hawapashi chakula kupita nyuzi 42 hivi, wengine husema 48. Wapo wanaoongeza maziwa mabichi, mayai mabichi, hata nyama na samaki. Hao nitawarudia, na sitakuwa mpole.

Fikra yenyewe si ya video ya jana. Daktari wa Uswisi, Maximilian Bircher-Benner, alifungua kliniki yake juu ya mji wa Zürich mwaka 1904, na wagonjwa wake aliwalisha tufaha bichi lililokwaruzwa na maganda yake, likachanganywa na oti zilizolowekwa, limau, lozi na maziwa mazito ya kopo. Aliamini mmea umehifadhi nguvu ya jua na kwamba moto huiua nguvu hiyo. Maelezo hayo hayakusimama. Lakini kuanzia miaka ya 1910 wanasayansi wakaanza kuzitambua vitamini moja baada ya nyingine, ikaonekana kumbe chakula kibichi kilikuwa na kitu kweli, ila daktari alikuwa amekipa sababu isiyo yake. Vitamini C inaharibika kwa joto na kuyeyukia kwenye maji. Folati, ile wanayopewa wajawazito, nayo vilevile. Kwa hiyo mama anayechemsha mchicha nusu saa, akakamua, akamwaga maji yale ya kijani kwenye sinki, amewapa faida kubwa mabomba ya maji taka.

Hata hivyo moto nao una kazi yake. Nyanya iliyopikwa inakupa likopeni, ile rangi yake nyekundu yenye faida mwilini, kwa urahisi zaidi kuliko mbichi. Karoti hivyohivyo: ile rangi yake ya machungwa, ambayo mwili huigeuza vitamini A, hutoka vizuri ikipikwa au ikikwaruzwa laini, na inahitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe. Mchicha mbichi una oksaleti inayozuia mwili kufyonza madini. Mtu akikuambia kila kinachopikwa kimekufa, muulize swali moja tu, nyanya. Na akikuambia kwamba vimeng'enya vya kwenye jani ndivyo vitakavyokusagia chakula, mwambie vimeng'enya ni protini, na tindikali ya tumbo lako itavishughulikia kama inavyoshughulikia protini nyingine yoyote.

Sasa hesabu, maana hiki ni kikundi cha hesabu. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kama kalori 2,000 kwa siku, na anayelima anahitaji zaidi. Gramu 100 za kabichi zina kalori 25 hivi. Kwa hiyo mwenye kutegemea kabichi atafune kilo 8 kabla ya kulala. Ng'ombe anaweza, kwa sababu hana kikao cha saa nne. Richard Wrangham, profesa wa Harvard aliyewahi kuwafuatilia sokwe wa Gombe kule Kigoma, ameeleza kwamba sokwe hutumia kama saa 6 kwa siku kutafuna tu. Sisi tumepewa moto, tukapata muda wa kuanzisha vikundi.

Ndiyo maana wanaokula vibichi vitupu hupungua uzito haraka. Kwa mwenye unene uliozidi hiyo inasikika kama habari njema. Lakini sikilizeni yaliyopatikana Ujerumani, kwenye Chuo Kikuu cha Giessen, ambako wapo wanaoishi hivi kwa miaka. Mwaka 1999 watafiti walichapisha majibu ya watu zaidi ya 500. Kadiri mtu alivyozidisha vibichi ndivyo uzito ulivyoshuka, na katika wanawake wa chini ya miaka 45, kama 30 katika kila 100 hedhi ilikuwa imevurugika au imekatika kabisa. Mwili ukiona chakula hakitoshi, unafunga kwanza idara ya uzazi. Mwaka 2005 wakapima damu za watu 201: kolesteroli mbaya ilikuwa chini, vizuri sana, ila na ile nzuri ilikuwa chini, na watu 38 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa vitamini B12. Hiyo B12 haipatikani kwenye mimea. Iko kwenye nyama, samaki, mayai, maziwa. Ukiikosa kwa muda mrefu unapungukiwa damu, na miguu inaanza kufa ganzi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni mlo mmoja wa siku, au nusu ya sahani. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na angalau gramu 25 za nyuzinyuzi. Wengi wetu tuko mbali na hapo. Tazameni sahani ya sherehe zetu: wali, ndizi, nyama, machalari juu, halafu pembeni kachumbari kijiko kimoja, kama imealikwa kwa huruma. Igeuze hiyo sahani. Kachumbari iwe nusu, mlima wa wali upungue, na umeshaanza kula vibichi bila kumwaga mtori wa mtu yeyote. Mtori, nawaambia mapema, haumo kwenye mjadala wa leo. (Makofi.)

Sasa tufike kwenye lenyewe.

Vibichi havifanani kwa hatari. Nimezoea kuwapangia wanaoanza kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni vile unavyomenya ukatupa ganda: ndizi kisukari, parachichi, chungwa, embe, papai, nanasi, pasheni. Huko huko kwenye migomba na miparachichi yetu. Kaa hapo kwa wiki mbili tatu. Ngazi ya pili ni vile vinavyomenyeka maganda ingawa tumezoea kuvila navyo: karoti, tango, bitiruti. Ya tatu, vya ngozi laini ambavyo huwezi kumenya lakini vinaosheka vizuri: nyanya, hoho, mapera. Na ya mwisho, ngumu kuliko zote, ni majani: saladi, giligilani, kabichi, mnanaa. Watu wengi huanzia hapo kwenye majani kwa sababu ndiyo waliyoona kwenye picha.

Na hata kile cha kumenya, kioshe kwanza. Kisu kikipita juu ya ganda chafu kinaingiza uchafu ndani. Mwaka 2011 Marekani watu 33 walikufa kwa bakteria wa listeria walioingia kwenye matikiti aina ya kantalupu. Tikiti lina ganda, na bado.

Kwa nini majani nayawekea ukali? Saladi na giligilani ni mazao ya bondeni. Hulimwa karibu na maji, kando ya mto au kwenye mfereji, na mto huo kabla ya kufika kwenye tuta umepita nyuma ya nyumba za watu, umepita kwenye mabanda ya nguruwe, umepita pale magari yanapooshwa. Mbolea nayo ni samadi. Halafu mboga inafungwa mafungu, inapandishwa bodaboda kwenda sokoni Mbuyuni au Kiboriloni, na muuzaji mwema anainyunyizia maji ya ndoo ili isinyauke. Maji hayo ya ndoo ameyatoa wapi? Mimi humwuliza. Hukasirika, lakini humwuliza.

Kuna jambo moja la kaskazini yetu hii nataka mlibebe mpaka nyumbani. Tunajua kitimoto kisichoiva kina tegu. Mtu akila nyama yenye vijifuko vya tegu, anapata mnyoo tumboni. Huyo mtu sasa anatoa mayai ya tegu kwenye choo chake. Mayai yakifika kwenye maji, yakafika kwenye bustani, yakashika kwenye jani la saladi, ukayala wewe ambaye hata nguruwe hujawahi kumgusa, yanatoboa utumbo, yanasafiri na damu, mengine yanakaa kwenye ubongo. Ndipo kifafa kinaanza ukubwani. Madaktari wameliona hilo Mbulu na kuliandika. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi yenye tegu huyu, kama wagonjwa 30 katika kila 100 wa kifafa chanzo chao ni hicho. Tunaiogopa ile nyama, kumbe kifafa kinaweza kuwa kwenye kachumbari iliyolala pembeni yake, au kwenye mikono ya aliyeikata.

Basi beseni. Nimekuja na yangu, yako matatu pale mezani, mtayaona. Chukua kichwa cha saladi. Usikikate kwa kisu; bandua jani mojamoja kutoka kwenye shina. Tazama pale chini, jani linapokumbatia shina. Hapo ndipo penye tope, konokono mdogo wa rangi ya kahawia, na mchanga utakaokusaga meno. Beseni la kwanza ni maji ya kawaida: zamisha majani, tikisa, yaache dakika chache mchanga ushuke. Kisha yatoe kwa mikono kutoka juu. Usiyamimine pamoja na maji kwenye chujio, maana mchanga wote uliokwisha kuzama utaurudisha juu ya majani. Nimeona wapishi wakubwa wakifanya hivyo.

La pili ndilo lenye kazi. Kila jani, pande zote mbili, lisugue kwa vidole chini ya maji yanayotiririka. Bomba likiwa limekatika, mtoto akumiminie kwa jagi. La tatu ni maji yaliyotiwa dawa ya klorini, ile ya kutibu maji inayouzwa duka la dawa, kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye pakiti, si kwa kukadiria. Mwisho suuza kwa maji ya kunywa, tandaza kwenye kitambaa safi yakauke. Jani lililoloa linaoza haraka, hata kwenye friji.

Mtu ataniuliza, kwa nini nisugue kama dawa ipo? Kwa sababu dawa inaua bakteria wengi, lakini mayai ya minyoo yana ganda gumu na klorini hayaisikii. Hayo huondoka kwa kusuguliwa na maji kupita. Na siki? Na chumvi? Vinasaidia kidogo, wadudu huachia jani, lakini usivitegemee. Sabuni ya vyombo msitumie, jani linainywa.

Nikikumbusha tu: kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa mikoani, tuliambiwa tuache vyakula vya kukatwa barabarani, matunda yakiwemo. Hatari haikuwa kwenye embe. Ilikuwa kwenye maji, kisu na mikono. Anayeanza ulaji huu akate matunda yake mwenyewe.

Na kwa wageni wetu kutoka upande wa Meru na Maji ya Chai, nyie mna jambo la ziada, floraidi, madini ya kwenye maji yanayobadilisha rangi ya meno. Kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Kuoshea mboga hakuna neno, lakini maji ya kusagia juisi ya mtoto yatafuteni kwingine. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya visima vya huko vimevuka hapo mara kadhaa. Meno yenu yanajieleza.

Sasa vile ambavyo havina ngazi, kazi yake ni moto tu.

Maharage. Yule wa kwenye video amesema ukiloweka maharage mekundu usiku kucha unaweza kuyala asubuhi. Hapana. Yana lektini, sumu ya asili ya maharage, na punje 4 au 5 mbichi zinatosha kukutapisha na kukuharisha. Mwaga maji uliyolowekea, chemsha maji mapya yatokote hasa, angalau dakika 10, ndipo uendelee na kuivisha. Moto wa uvuguvugu ni mbaya zaidi kuliko kutopika, kwa sababu unaizidisha sumu badala ya kuiondoa.

Muhogo mchungu na kisamvu vina sumu ya sianidi. Mwaka 1985 kule Tarime watu walikumbwa na konzo, ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafla na isirudi tena, kwa sababu ya muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Kisamvu kinatwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu kwa sababu hiyo, bibi zetu hawakuwa wakipoteza kuni. Magimbi na majani yake yana sindano ndogo ndogo za oksaleti zinazochoma koo. Viazi mviringo vyenye rangi ya kijani, tupa. Mnafu, pika. Uyoga wa porini, usijaribu ujuzi wako.

Na maziwa mabichi. Wale nilioahidi kuwarudia, ndio hawa. Katika wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kwenye hospitali mbili za hapa Moshi kati ya 2007 na 2008, zaidi ya nusu walikuwa wamedhaniwa wana malaria, lakini waliothibitika hawakufika 2 katika kila 100. Miongoni mwa wengine, wapo waliokutwa na maambukizi ya bakteria, yakiwemo yatokayo kwa mifugo, brusela mmojawapo. Brusela anapita kwenye maziwa yasiyochemshwa. Anakupa homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya viungo, unamaliza dozi za malaria duka zima na hupati nafuu. Chemsha maziwa. Kisusio, ile supu yetu ya damu ya mbuzi, sitakigusa, nataka kutoka humu ndani salama. (Kicheko.)

Karanga mbichi nazo zina angalizo. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga wala kuoshwa. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine wakafa kwa mahindi yenye sumukuvu. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au ladha chungu, usimpe hata kuku. Nunua zenye maganda yake, menya mwenyewe, chambua kwenye mwanga.

Nimewatisha vya kutosha. Tuje kwenye kula.

Mchana wangu wa kawaida ni huu: parachichi moja zima, karoti mbili zilizokwaruzwa, tango, nyanya, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, ndimu, na juu yake ufuta au karanga zilizotwangwa. Pembeni ndizi mbili mbivu. Parachichi ndilo linalobeba mlo. Gramu 100 zake zina kalori kama 160, karanga za uzito huo zina zaidi ya 550, wakati tango lina maji zaidi. Wanaoshindwa kwenye ulaji huu mara nyingi wameshindwa kwa sababu wamekula matango matupu, saa tisa wakaanza kutetemeka, wakaingia kwenye mgahawa wakaagiza chipsi mayai mbili. Weka mafuta kwenye kachumbari. Parachichi, nazi, ufuta, karanga. Yanashibisha na yanasaidia ile vitamini A ya karoti iingie mwilini. Na ndimu usiisahau, hasa ukila pamoja na maharage au mchicha uliopikwa, maana vitamini C yake inavuta madini ya chuma kutoka kwenye mboga. Kwa wasichana wanaopungukiwa damu hiyo ni dawa ya bei ya ndimu.

Anayetaka kuongeza kitu kipya aoteshe choroko. Osha kikombe kimoja, chambua zilizovunjika, loweka usiku. Asubuhi mwaga maji, weka kwenye chujio, funika kwa kitambaa kibichi, suuza asubuhi na jioni. Siku ya pili mkia mweupe unachomoza, siku ya tatu unafikia urefu wa kucha. Hapo zile, ni tamu na zinatafunika. Lakini kijoto na unyevu vinavyootesha choroko vinaotesha na bakteria. Mwaka huohuo wa 2011, Ujerumani, machipukizi ya uwatu, huu huu uwatu wa dukani, yaliwafanya watu karibu 4,000 waugue na zaidi ya 50 wakafa. Zikianza kuteleza au kunuka, mwaga. Wazee, wajawazito na watoto wadogo wale zilizopikwa vizuri. Na mtama usioteshe kwa ajili ya kula mbichi, machipukizi yake yana sianidi.

Juisi? Mnazipenda, najua. Ukikamua machungwa manne ukachuja, umeacha nyuzinyuzi kwenye chujio na umekunywa sukari ya machungwa manne kwa dakika moja. Yaani ulichokitupa ndicho ulichokuwa unakitafuta. Tafuna tunda. Na juisi ya kabichi ya alfajiri, Mama Mwenyekiti, waruhusu watu wetu warudi kwenye uji.

Wiki za mwanzo tumbo litajaa gesi. Bakteria wa utumbo hawajazoea nyuzinyuzi nyingi, wanachachusha. Ongeza kidogo kidogo, tafuna sana, kunywa maji. Mtu akikuambia kuharisha ni sumu zinatoka mwilini, mwambie mwili una ini na figo kwa kazi hiyo, na wewe nenda kapime choo.

Wapo ambao nawaomba wasianze kabla ya kuonana na daktari. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge: ukibadilisha chakula ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari itashuka na utaanguka. Mwenye tatizo la figo: ndizi, parachichi na nyanya zina potasiamu nyingi, na figo dhaifu haiwezi kuitoa. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarin: majani ya kijani yana vitamini K inayopingana nayo. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mzee aliyepungua uzito, hawa wasile vibichi vitupu, mtu asiwadanganye. Na aliye kwenye dawa za presha, za kifua kikuu, ARV, au matibabu ya saratani, ale matunda yake vizuri na dawa zake ameze kama alivyoandikiwa. Kuna watu wameacha dozi kwa sababu ya juisi. Sitaki hata mmoja wa kikundi hiki.

Nimeona mkono wa baba pale nyuma. Unauliza kama mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ni chakula kibichi? Ndizi zake zimechemshwa, ulezi wake umeoteshwa na kupikwa. Kwa hiyo hapana, baba, tafuta sababu nyingine. (Kicheko.)

Mama Mwenyekiti, nimekula muda wako wa mikopo. Sasa kila safu itoe watu wawili waje mezani tuoshe saladi hizi nilizonunua asubuhi Mbuyuni, ili ninyi wenyewe mwone kinachobaki kwenye beseni la kwanza. Vueni pete, na mikono inanawiwa pale nje kwa sabuni kabla hamjagusa chochote.